Aina za swichi za Etherneti: tuzifahamu kabla ya kuzinunua

MWANZISHA UZI, Tanga mjini

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Kazi yangu ni ufundi wa mitandao ya kompyuta hapa Tanga, na mara nyingi nimeitwa kutazama mitandao ambayo ubovu wake haukutokana na waya wala na mtoa huduma wa intaneti, bali na swichi iliyonunuliwa bila mnunuzi kujua ni ya aina gani. Mtu huingia dukani akaomba swichi yenye poti 24, akaonyeshwa maboksi mawili yanayofanana kama mapacha, moja likiwa na bei mara kadhaa ya jingine, naye akachukua la bei ndogo kwa kuamini kwamba tofauti ni jina la kampuni tu. Yako mazingira ambayo uamuzi huo ni sahihi kabisa, na yako mengine ambayo utamgharimu kuliko fedha alizookoa. Nimeona niandike kwa kirefu kidogo ili tusaidiane kuyatenganisha.

Tuanze na kazi yenyewe ya swichi, yaani kisanduku chenye poti (matundu ya kuchomekea kebo) kinachounganisha vifaa vya mtandao mmoja. Kila kifaa cha Etherneti, yaani mtandao wa kebo wa ndani ya jengo, iwe kompyuta, printa au kamera, kina anwani ya MAC, ambayo ni namba ya utambulisho wake, yenye biti 48, ambayo huandikwa kwa alama 12 za tarakimu na herufi. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inapoingia, swichi husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika jedwali lake kwamba anwani hiyo ipo kwenye poti fulani. Kisha husoma anwani ya mpokeaji. Ikiwa imo katika jedwali, fremu hupelekwa kwenye poti hiyo peke yake, na ikiwa haimo, husambazwa kwenye poti zote isipokuwa ile ilikotokea. Mpokeaji akijibu, swichi inakuwa imeshajua alipo. Anwani isiyosikika kwa muda, mara nyingi dakika 5, hufutwa ili jedwali lisijae vifaa vilivyokwisha kuondoka.

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka habu, iliyokuwapo kabla ya swichi. Habu ilikuwa kama mpiga mbiu, kwa sababu neno la mmoja lilipigiwa kelele mtaa mzima, na wawili wakisema kwa pamoja hakuna aliyesikika. Swichi ni tarishi anayepeleka barua kwenye mlango wa mwenyewe. Etherneti ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs, lakini swichi ya kwanza ya Etherneti ilitolewa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990 tu, ikiwa na poti 7. Ukikuta habu katika ghala la ofisi yako leo, iache hukohuko.

Sasa aina zenyewe. Ya kwanza ni swichi ya kuchomeka tu, isiyo na mipangilio yoyote. Unaipa umeme, unachomeka kebo, inafanya kazi. Kwa duka, kwa nyumba, kwa ofisi yenye kompyuta 5 na printa 1, hii inatosha, na fundi atakayekushawishi ununue kubwa zaidi ya hapo hakutendei haki. Udhaifu wake ni kwamba haina uwezo wa kutambua kosa la binadamu. Niliwahi kuitwa katika shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, ambako mtandao ulikuwa umekufa kwa siku mbili na lawama zote zilikuwa kwa mtoa huduma. Nilikuta taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja, kana kwamba zimeambizana. Aliyekuwa akifagia chumba cha kompyuta aliona kebo inaning'inia, akadhani imechomoka, akaichomeka kwenye poti iliyokuwa wazi, ilhali ncha yake ya pili tayari ilikuwa kwenye swichi ileile.

Hicho ndicho kitanzi. Pakiti ya IP, yaani kifurushi cha data ya intaneti kinachobebwa ndani ya fremu, ina hesabu inayopungua kila inapopita kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Etherneti haina hesabu ya namna hiyo. Tangazo moja, yaani fremu iliyotumwa kwa vifaa vyote, linaloingia kwenye kitanzi huzunguka bila kikomo, huongezewa na matangazo mengine, na katika muda mfupi mtandao mzima hauna nafasi ya kubeba kitu chochote cha maana. Nilichomoa kebo moja, na mtandao ukarudi papo hapo. Dawa ya tatizo hili ilipatikana zamani: mwaka 1985 Bi. Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya DEC, alibuni itifaki ya STP, ambayo huzifanya swichi ziwasiliane, zikitambue kitanzi na kuifunga poti moja mpaka itakapohitajika. Ilifanywa kuwa kiwango cha IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango hivi, mwaka 1990, na toleo lake la haraka likafuata mwaka 2001. Swichi nyingi za kuchomeka tu hazina itifaki hiyo.

Aina ya pili ni ile ambayo wengi wetu tunaiita swichi janja. Hii unaifungua kwa kivinjari, ukaweka nywila, ukaona poti ipi inafanya kazi kwa kasi gani, na, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ukagawanya swichi moja kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, yaani VLAN. Kwa kiwango cha 802.1Q cha mwaka 1998, kila fremu inayopita kati ya swichi na swichi hubandikwa lebo yenye namba ya VLAN yake, na namba zinazoweza kutumika ni 4,094. Fikirieni nyumba ya wageni ambamo simu za wageni, kompyuta ya mapokezi, kompyuta ya mhasibu na kamera za ulinzi vyote vimechomekwa kwenye swichi ya kawaida. Mgeni mwenye ujuzi kidogo, akiwa kitandani kwake, anaweza kuifikia kompyuta ya mhasibu. VLAN hujenga ukuta hapo bila kununua swichi ya pili.

Ya tatu ni swichi kamili ya kusimamiwa. Inafanya yote ya swichi janja, na zaidi ya hayo huamrishwa kwa mstari wa amri, hutoa taarifa zake kwa programu ya usimamizi, humzuia asiyetambuliwa asiingie kwenye mtandao hata akichomeka kebo, na baadhi yake huunganishwa kadhaa zikawa kama swichi moja. Benki, hospitali, chuo na bandari hazina budi kuwa nazo.

Juu yake zipo swichi za tabaka la 3, ambazo hupitisha data kati ya VLAN na VLAN zenyewe, bila kuipeleka kwenye ruta na kuirudisha. Ofisi yenye VLAN 3 na kompyuta 20 haihitaji, kwa kuwa ruta yake inamudu kazi hiyo.

Kuhusu kasi nitasema machache. Msinunue tena swichi ya megabiti 100 kwa kazi mpya. Gigabiti 1 iwe ndiyo mwanzo. Swichi ya poti 24 za gigabiti 1 inapaswa kuwa na uwezo wa ndani wa gigabiti 48 kwa sekunde, kwa kuwa kila poti hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Namba hiyo imeandikwa katika karatasi ya sifa za kifaa. Ikiwa chini ya hapo, poti zote zikifanya kazi kwa pamoja zitakabana.

Nakaribisha maswali.

MCHANGIAJI, Muheza

Ahsante sana fundi. Naomba kuuliza jambo ambalo huenda ni dogo kwako. Kijisanduku tulichopewa na mtoa huduma wa intaneti kina poti 4 nyuma na antena 2. Je, hicho ni swichi au ni ruta?

MWANZISHA UZI

Ndugu yangu, ni vitu vitatu vilivyowekwa katika ganda moja. Ndani yake mna ruta inayouunganisha mtandao wako na intaneti, mna swichi ndogo ya kuchomeka tu yenye hizo poti 4, na mna kituo cha waifai. Poti 4 zikikuishia, unachukua swichi ya poti 8 na kuiunganisha kwa kebo moja kwenye mojawapo ya hizo 4, basi. Usinunue ruta ya pili kwa ajili ya kuongeza poti, kwa sababu ruta mbili zinazogawa anwani za IP (si zile za MAC) katika mtandao mmoja huleta vurugu ambayo si rahisi kuitambua.

MCHANGIAJI, Raskazone

Shikamoo kaka. Ninasimamia nyumba ya wageni, na umenigusa ulipozitaja kamera. Tulifungiwa kamera 16 kwenye swichi ya PoE yenye poti 24, kamera zinachukua umeme wake humohumo kwenye kebo ya mtandao. Mchana zote zinaonyesha vizuri. Baada ya magharibi kamera 2, zile za lango la nyuma, huzimika, na alfajiri hurudi zenyewe. Fundi aliyezifunga amebadilisha kebo mara mbili na kamera moja, na hali haikubadilika. Walinzi wameanza kusema mengine ambayo sitaki kuyaandika hapa.

MWANZISHA UZI

Marahaba dada yangu. Kabla ya kununua kitu kingine chochote, tazama karatasi ya swichi yako au kibandiko kilicho chini yake, utafute jumla ya wati za PoE. Nitaeleza sababu, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi huumia.

Swichi ya PoE ina hesabu mbili za umeme. Ya kwanza ni kiasi ambacho poti moja inaweza kutoa. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 kinaruhusu wati 15.4 kwa poti, 802.3at cha mwaka 2009 kinaruhusu wati 30, na 802.3bt cha mwaka 2018 kimefika wati 60 na wati 90 kwa madaraja yake mawili. Kiasi kinachokifikia kifaa huwa pungufu kidogo kwa sababu sehemu nyingine hupotelea kwenye kebo. Katika wati 15.4, kwa mfano, kifaa huhesabiwa wati 12.95. Hesabu hii ya kwanza ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Hesabu ya pili ni bajeti ya swichi nzima, na hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Swichi yenye poti 24 za wati 30 haina maana kwamba inaweza kutoa wati 720. Zipo zenye bajeti ya wati 120 tu, poti zote zikigawana hizo. Sasa chukulia kila kamera yako inatumia wati 4.5 mchana. Kamera 16 ni wati 72, na swichi inatulia. Giza likiingia, kila kamera huwasha taa zake za miale isiyoonekana ili ione gizani, na matumizi yake yakipanda kufikia wati 8.5, jumla inakuwa wati 136. Bajeti imepitwa. Swichi haiwezi kuzinyima zote kidogokidogo. Huzikatia umeme poti zenye kipaumbele cha chini, ambazo kwa kawaida ni zile zenye namba kubwa. Kamera 14 zinabaki, 2 zinazimika. Kukikucha taa zinazimwa, umeme unatosha, zinarudi.

Angalia kamera za lango la nyuma zimechomekwa kwenye poti namba ngapi.

MCHANGIAJI, Raskazone

Nimeshuka kutazama sasa hivi. Kamera zimechomekwa kuanzia poti ya 1 hadi ya 16, na za lango la nyuma ni ya 15 na ya 16. Chini ya swichi imeandikwa jumla ya wati 120. Nimejisikia vibaya kwa kuwa kamera tuliyoibadilisha ilikuwa nzima.

MWANZISHA UZI

Pole sana dada. Una njia mbili. Iliyo nafuu ni kununua swichi ndogo ya PoE yenye poti 8 na kuhamishia huko kamera 5 au 6, hivyo ile kubwa ikapumua. Iliyo bora, ikiwa unakusudia kuongeza kamera au vituo vya waifai, ni kununua moja yenye bajeti ya wati 250 au zaidi. Kwa vyovyote vile, leo usiku hamisha waya za lango la nyuma uziweke poti ya 1 na ya 2, ili zitakazozimika ziwe za ukumbini ambako walinzi wapo.

Nyote pia mtazame kebo. Zinauzwa kebo ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini hupitisha umeme kwa upinzani mkubwa zaidi kuliko shaba, kebo hupata joto, na kifaa kilicho mwisho wa meta 80 hakipati umeme wa kutosha. Kwangu mimi kebo ya namna hiyo haifai kabisa kwa PoE. Ikwangue kwa wembe. Rangi ya fedha ikitokea, irudishe dukani.

MCHANGIAJI, fundi, Ngamiani

Fundi mwenzangu, umeeleza vizuri, ila kuna jambo sikubaliani nawe. Umesema ofisi ya kompyuta 5 inatoshwa na swichi ya kuchomeka tu. Mimi huwashauri wateja wangu wote wachukue angalau swichi janja. Hiyo ruta ya pili uliyomkataza ndugu yetu wa Muheza ndiyo iliyonipa kazi ya siku nzima katika ofisi moja barabara za Ngamiani. Mfanyakazi alileta ruta ya nyumbani kwake ili apate waifai mezani pake, akaichomeka kwenye swichi kwa poti isiyofaa, ikaanza kugawa anwani. Nusu ya kompyuta zikachukua anwani za ruta hiyo, zikapoteza intaneti, na hakuna aliyejua kwa nini nusu nyingine ni nzima. Swichi inayojua kuzuia hali hiyo ingenipunguzia muda.

MWANZISHA UZI

Hoja yako ina uzito, nami nakubali sehemu yake. Swichi inayoweza kuambiwa kwamba anwani zitoke poti moja tu ingelikata tatizo hilo tangu mwanzo. Tofauti yangu nawe ni kwamba swichi janja isiyopangwa na mtu inabaki kuwa swichi ya kuchomeka tu kwa bei kubwa zaidi, na pengine ni hatari zaidi, kwa sababu imekaa na nywila ya kiwandani ambayo kila mtu anaijua. Nimezikuta hivyo mara nyingi kuliko nilivyozikuta zimepangwa. Mteja akiwa na fundi wa kumrudia, nitamshauri kama unavyoshauri wewe. Asiye naye, nitampa ya kawaida na kumwekea alama kwenye kila kebo.

MCHANGIAJI, mwalimu, Pangani

Nashukuru kwa darasa hili. Shule yetu ina jengo la utawala na maktaba mpya, na umbali kati yake ni meta 180. Nimeambiwa niweke swichi katikati ya njia ili mawimbi yapate nguvu. Pia ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam ameniletea swichi ya mtumba kutoka Ulaya, kubwa, yenye poti 48. Je, naweza kuitumia?

MWANZISHA UZI

Mwalimu, kebo ya shaba ya Etherneti kikomo chake ni meta 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Swichi ya katikati ingefanya kazi, kwa kuwa kila swichi huanza hesabu upya, lakini itakaa wapi? Itahitaji umeme, paa na sanduku lisiloingiza maji, na kwa upepo wa chumvi wa Pangani viunganishi vyake vitaota kutu upesi. Lililo kubwa zaidi ni radi ya masika. Shaba inayotoka jengo hadi jengo huibeba radi mpaka ndani, na hata bila radi, ardhi za majengo mawili zinaweza kutofautiana umeme wake.

Vuta faiba. Nyuzi zake ni kioo, hazipitishi umeme, na meta 180 kwake si kitu. Chagua swichi zenye nafasi za SFP, yaani zile pango za mraba pembeni ambamo moduli ya faiba huingizwa. Moduli za pande zote mbili ziwe za kasi moja na zilingane na aina ya faiba yako. Ukichukua zile za uzi mmoja, zinunue kwa jozi: ya upande mmoja hutuma kwa nanometa 1310 na kupokea kwa 1550, na mwenzake kinyume chake. Ukiweka mbili zinazofanana, taa haitawaka.

Kuhusu ya mtumba, nyingi zilikuwa swichi kamili za makampuni makubwa, na zimetengenezwa kwa uimara. Hata hivyo ziliondolewa huko kwa sababu. Tazama kwanza kama poti ni za megabiti 100 au gigabiti 1. Sikiliza feni zake, kwa sababu zilikusudiwa kukaa katika chumba cha mitambo, na ukiiweka maktaba hakuna mtoto atakayesoma. Tafuta kebo ya konsoli ya kufutia mipangilio ya wenyewe wa zamani, kwani pengine ina VLAN na nywila usizozijua. Pima pia umeme inaotumia, maana itakuwa inawaka usiku na mchana.

MCHANGIAJI, mwalimu, Pangani

Nimeitazama. Poti 48 ni za megabiti 100, na 4 za pembeni ni za gigabiti 1 zenye pango za SFP. Feni zinapiga kelele kama ulivyosema. Mpango wangu sasa ni huu: hii ya mtumba niiweke katika chumba cha stoo cha jengo la utawala, nivute faiba mpaka maktaba, na huko niweke swichi janja ya poti 16 za gigabiti 1 yenye nafasi 2 za SFP, kwa kompyuta 12 na kituo kimoja cha waifai. Kila swichi nitaipa betri ya kuhifadhi umeme.

MWANZISHA UZI

Mpango ni mzuri, mwalimu. Badilisha kitu kimoja tu: hiyo ya maktaba chukua yenye PoE japo kwa poti chache, kwa sababu kituo cha waifai utataka kukifunga darini, na darini hakuna soketi. Ukishavuta faiba, acha meta 5 za ziada kila upande zikiwa zimekunjwa kwa duara pana, maana ncha ikivunjika utahitaji urefu wa kuiunga upya. Stoo nayo iwe na dirisha lenye wavu. Mijusi hupenda joto la swichi, na nimeshatoa wawili wakavu kwenye bodi iliyoungua.